Mageuzi Hayajafika Idarani

Kamba hukatikia pembamba. Methali hii tuliikumbuka siku mama mmoja, mhadhiri wa miaka mingi na mzee wa kanisa katika ushirika wake, alipoingia ofisini mwetu akiwa na bahasha mbili mkononi. Bahasha ya kwanza ilikuwa na barua ya kumteua kuwa kaimu mkuu wa idara katika chuo kikuu kimoja cha umma. Ya pili ilikuwa na barua ya kumwondoa katika kiti hicho. Kati ya barua hizo ilikuwa imepita miaka minne, na muda wote huo alibaki kaimu. Barua ya pili haikuzidi mistari mitatu. Haikutaja kosa wala sababu. Ilimshukuru kwa huduma yake, ikamwamuru akabidhi funguo kabla ya saa kumi na moja jioni.

Sababu aliijua mwenyewe. Wahadhiri walikuwa wamegoma, na wakuu wa idara wote waliagizwa wapeleke juu majina ya wale ambao hawakuingia madarasani, ili mishahara yao ikatwe. Mama huyu alipeleka karatasi yenye jina moja tu, na jina hilo lilikuwa lake.

Alipomaliza kutueleza, alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake papo hapo: "Wakili, miaka yote hiyo minne, mimi nilikuwa kiongozi wa nani?"

Swali hili tunalileta mbele yenu, ndugu wasomaji, kwa sababu si la mama mmoja wala la chuo kimoja. Sisi tuliopigania mageuzi katika nchi hii tumezoea kumtazama aliye kileleni. Tukiona dhuluma, tunauliza ni nani Rais, ni nani Waziri, ni nani Naibu wa Chansela. Ni mara chache tunauliza ni nani anayekaa katika kile chumba kidogo mwisho wa ujia, chenye kabati lililojaa karatasi za mitihani na foleni ya wanafunzi mlangoni. Lakini ndiko chuo kikuu kinakoishi. Ndani ya idara ndimo huamuliwa kitakachofundishwa, atakayekifundisha na atakayefuzu. Idara ikiwa na hofu, chuo chote kina hofu, hata kama langoni pameandikwa maneno mazuri ya Kilatini.

Watawala wa zamani walilijua jambo hili kuliko sisi. Tazameni vyeo vya watu waliowaandama. Ngũgĩ wa Thiong'o alipokamatwa mwishoni mwa Desemba 1977 na kutiwa kizuizini bila mashtaka, alikuwa mkuu wa Idara ya Fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Miaka tisa nyuma, mwaka 1968, yeye pamoja na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walikuwa wamependekeza Idara ya Kiingereza ifutwe, na fasihi ya Afrika iwe kitovu cha masomo badala ya pambo. Hoja iliyotikisa elimu ya bara zima ilizaliwa katika ubishi wa idara moja. Ngũgĩ aliachiliwa Desemba 1978, lakini kazi yake hakurudishiwa.

Wangari Maathai alifanywa mkuu wa Idara ya Anatomia ya Mifugo mwaka 1976, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa namna hiyo katika chuo hicho. Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee kiti cha ubunge. Alizuiwa kugombea, na aliporudi kuiomba kazi yake akakuta mlango umefungwa. Hata nyumba ya chuo alitakiwa kuihama. Mwanamke huyo huyo ndiye dunia iliyemtunuku Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Mĩcere Gĩthae Mũgo, aliyekuwa mkuu wa Kitivo cha Sanaa, alilazimika kukimbilia uhamishoni mwaka 1982. Mwaka huo huo Willy Mutunga, mhadhiri wa sheria na mmoja wa viongozi wa chama cha wahadhiri, alitiwa kizuizini; chama chenyewe kilikuwa kimekwisha kupigwa marufuku mwaka 1980. Wahadhiri waligoma tena kuanzia Novemba 1993 wakidai haki ya kusajili chama chao. Mgomo ule uliendelea kwa miezi mingi hadi mwaka 1994, na viongozi wake wakafutwa kazi.

Wakati ule mpangilio wa mamlaka ulikuwa wazi kama mchana. Rais wa Jamhuri ndiye aliyekuwa Chansela wa vyuo vikuu vyote vya umma. Chansela alimteua Naibu wake, na kivuli cha Naibu kiliwafikia wakuu wa vitivo na wa idara. Kila aliyeteuliwa alijua jicho lake litazame wapi. Ulikuwa utawala wa chama kimoja uliovaa joho la mahafali.

Kisha mageuzi yakaja, na hatuna budi kuyashukuru. Mwaka 2003 Rais aliacha desturi ya kuwa Chansela wa kila chuo, na watu wengine wakapewa nafasi hizo. Mwaka huo huo chama cha wahadhiri, UASU, kikasajiliwa. Katiba ya 2010 ikaandika katika Kifungu cha 33 kwamba uhuru wa kujieleza unajumuisha uhuru wa kitaaluma na uhuru wa utafiti wa kisayansi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ikafuata. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini mageuzi hayo yalishuka ngazi chache kisha yakasimama. Yaligusa kiti cha Chansela, yakafika kwenye Baraza la Chuo, na huko nako vita havijaisha: Januari 2020 nchi nzima iliona Waziri wa Elimu akitengua uteuzi wa Naibu wa Chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi siku chache baada ya Baraza kumteua, mpaka shauri likafika mahakamani. Magazeti yaliandika mengi juu ya mvutano ule wa wakubwa. Hayakuandika neno juu ya mkuu wa idara, ambaye kwa wiki kadhaa hakujua barua zake azielekeze kwa nani. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Hebu tumtazame mtu huyu siku ya kufungua muhula. Ratiba imejaa masomo, na wahadhiri wa kudumu hawatoshi. Mkuu wa idara anashika simu na kuwabembeleza wahadhiri wa muda, ambao bado hawajalipwa jasho la muhula uliopita. Yeye hana fungu la fedha. Fungu liko katika ofisi ambayo hata miadi ya kuonana na mwenyewe huipata kwa shida. Basi anaahidi kwa kinywa chake deni ambalo hana uwezo wa kulilipa. Muhula unapokwisha, mhadhiri wa muda aliyechoka na ahadi anakaa na karatasi za mitihani nyumbani kwake. Alama hazionekani. Binti wa mjane, ambaye mamaye aliuza ng'ombe ili apate karo, jina lake halimo katika orodha ya mahafali. Hatakwenda kulia kwa Waziri wala kwa Naibu wa Chansela. Atakwenda kulia katika kile chumba mwisho wa ujia.

Umaskini huu una historia yake. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mlango kwa wanafunzi wanaojilipia karo yote, na vyuo vingine vikafuata njia hiyo. Kwa miaka mingi fedha hizo zilijenga majengo, zikafungua matawi mijini, zikawafanya wakuu wa idara kuwa kama wakusanya ushuru wa soko. Kisha katika mtihani wa kidato cha nne wa 2016, uliosimamiwa kwa ukali mpya, watahiniwa waliopata alama za kuingia chuo kikuu walipungua hadi chini ya 90,000, na karibu wote walipata nafasi za kugharimiwa na serikali. Chemchemi ikakauka, lakini majengo, matawi na madeni yakabaki. Mpango mpya wa kugharimia masomo ulianza mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba unakiuka Katiba, ingawa rufani ilifuata. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa siku 49, kuanzia Septemba hadi Novemba, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa miaka ya 2017 hadi 2021. Katika siku hizo zote 49, wakuu wa idara waliamka kila asubuhi wakiwa watu wawili katika mwili mmoja: wanachama wa chama kilichogoma, na mikono ya mwajiri aliyegomewa.

Hapo ndipo kamba inapokatikia. Mkuu wa idara amepewa wajibu wote na kunyimwa mamlaka yote. Akiteuliwa, aghalabu hateuliwi kwa sababu wenzake wamemwamini, bali kwa sababu aliye juu anamwona hana kelele. Akiwa kaimu, kama mama yetu, anaweza kuondolewa leo jioni, na kwa hiyo hutawaliwa na hofu ya leo jioni. Ukaimu wa miaka si uhaba wa watu wanaofaa. Ni mbinu ya kutawala.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki hiyo ina pande mbili. Wakuu wa idara si malaika wote. Tunawajua walioyageuza madaraka madogo kuwa ufalme mdogo. Wapo wanaogawa masomo ya malipo kwa marafiki na watu wa kwao, wanaokalia tasnifu ya mwanafunzi miaka miwili kwa sababu msimamizi wake ni hasimu wao, na wapo, aibu iliyoje, wanaowatia binti zetu katika mtihani usioandikwa katika silabasi yoyote. Anayenyenyekea juu mara nyingi hujilipiza chini. Wala watawala wa juu si mashetani wote. Naibu wa Chansela aliyekuta hazina tupu, makato ya wafanyakazi yasiyofikishwa yanakotakiwa na Wizara isiyopokea simu, naye ni mateka wa mpangilio huo huo. Kumbadilisha mtu na kuuacha mpangilio ni kubadili mpanda farasi aliye kipofu kwa mwingine, na njia ikabaki ile ile ya kuelekea shimoni.

Sheria inasema nini? Sisi tulio katika taaluma hii tunapenda kuwakumbusha wananchi kwamba Katiba haikuandikwa kwa ajili ya uchaguzi wa kila miaka mitano pekee. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma, na mkuu wa idara hajavuliwa haki hiyo kwa kupewa funguo za ofisi. Kifungu cha 236 kinamkinga mtumishi wa umma asiandamwe kwa kutekeleza kazi yake kwa mujibu wa Katiba, wala asiondolewe bila utaratibu wa haki. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na watawala kwa njia ya haki na ya busara, na pale haki yake inapoathiriwa, haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Utendaji wa Haki katika Utawala ya mwaka 2015 inakwenda mbele zaidi. Mtawala akiombwa sababu akakataa kuzitoa, mahakama inaweza kuchukulia, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba hakuwa na sababu njema. Ukimya wa mkubwa, uliokuwa ngao yake enzi zile, leo waweza kuwa shahidi dhidi yake.

Basi tunapendekeza nini? Tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji kura ya maoni.

Kwanza, walimu wa idara wawe na sauti katika kumpata mkuu wao. Wapendekeze majina mawili au matatu kwa kura ya siri, na Baraza la Chuo limthibitishe mmoja wao kwa maandishi. Si jambo geni. Aprili 1990 wahadhiri wa Tanzania walitoa Azimio la Dar es Salaam, na Novemba mwaka huo wanazuoni wa Afrika wakatoa Azimio la Kampala. Yote mawili yalitetea uhuru wa taasisi za elimu ya juu kujiendesha na haki ya walimu kushiriki katika uendeshaji huo.

Pili, ukaimu uwe na kikomo. Miezi sita yatosha kumtafuta mkuu halisi. Baada ya hapo, muhula wa kazi uwe wa miaka inayojulikana, na mtu asiondolewe kabla haujaisha ila kwa kosa lililotajwa, naye akiwa amesikilizwa.

Tatu, wajibu ufuatane na fungu. Idara ijue mwanzoni mwa mwaka ina shilingi ngapi za kuwalipa wahadhiri wa muda, na hesabu hiyo ibandikwe ukutani pa idara wanafunzi waione. Mkuu asiruhusiwe kumwita mtu afundishe kama fedha za kumlipa hazipo. Afadhali somo lisubiri kuliko alama zipotee.

Nne, mkuu wa idara atoe hesabu chini, si juu tu. Mara moja kwa muhula aketi na walimu na wajumbe wa wanafunzi, aeleze masomo yaligawanywa vipi, tasnifu ngapi zimekwama na kwa nini. Mfalme mdogo hustawi gizani. Fungua dirisha, utaona jinsi ufalme wake unavyonywea.

Tunasikia pingamizi, na ni la kweli. Wengine watasema kwamba tukileta kura ndani ya idara tutaleta ukabila, kambi na hongo, na kwamba mhadhiri mvivu atamchagua mkuu asiyemuuliza. Hatukatai hatari hiyo. Ndiyo maana hatupendekezi kura iwe neno la mwisho, bali iwe neno la kwanza, na Baraza libaki na jukumu la kupima sifa. Lakini tujihadhari na hoja hii, kwa maana tumeisikia hapo awali. Tuliambiwa kwamba vyama vingi vitaleta vita vya makabila, na kwa hiyo tubaki na kimoja. Ukabila wa uteuzi wa siri haukosekani. Tofauti ni kwamba hauonekani.

Na hapa tunawageukia ninyi, wasomaji wetu wa makanisani. Uchaguzi wa mlolongo ulipoletwa, ambapo mtu alilazimika kusimama nyuma ya mgombea akitazamwa na chifu, makanisa yalikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema kwamba dhamiri haipangwi mstarini. Mlilisema hilo mwaka 1986, kabla ya aibu ya 1988. Orodha ya majina aliyotakiwa kuiandika mama yetu ni mlolongo wa namna nyingine: ni kumlazimisha mtu asimame hadharani nyuma ya mkubwa, dhidi ya wenzake. Mlioupinga ule wa kwanza mna neno la kusema juu ya huu wa pili.

Zaidi ya hayo, makanisa yenyewe yanaendesha vyuo vikuu, na waumini wenzetu wanaketi katika mabaraza ya vyuo hivyo. Huko hamhitaji kumngoja Waziri. Katika kikao chenu kijacho ulizeni maswali matatu: wakuu wetu wa idara walipatikanaje? Ni wangapi ni makaimu, na tangu lini? Ni wahadhiri wangapi wa muda wanatudai? Hakuna atakayewakamata kwa kuuliza, na majibu yake yatawaeleza kama kweli mnaendesha nyumba ya haki. Cheo ni dhamana, na dhamana hukaguliwa kwanza nyumbani mwa mwenye kuihubiri.

Turudi kwa mama yetu. Tulimweleza kwamba anaweza kwenda mahakamani kudai kiti chake. Akafikiri, kisha akasema kiti hakitaki tena. Anataka sababu iandikwe. "Waniandikie," alisema, "ili atakayekaa pale baada yangu ajue ni kitu gani kinachoadhibiwa katika chuo hiki." Tukaandika barua ya kuomba sababu, chini ya sheria tuliyoitaja. Hatujapokea jibu, na siku zinahesabiwa.

Swali lake tumelitafakari tangu siku ile, na sasa tunaweza kumjibu. Kwa miaka minne, Mwalimu, barua yako ilikufanya kaimu wa mkubwa. Siku uliyoandika jina lako peke yake mahali pa majina ya wenzako, ulikuwa mkuu wa idara kamili. Kazi iliyobaki ni yetu sote: kuhakikisha kwamba atakayekufuata hatalazimika kuupoteza ukuu huo siku ile ile anayoupata.